Kampala: Waliandika baba yangu hana akili, kisa swali moja la Kiswahili

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Dar, wa Mombasa, wa Goma, wa Bujumbura na popote mlipo.

Ninachoandika hapa kimetokea nyumbani kwetu na nimekiona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha na hospitali siitaji, lakini jambo lenyewe sijalitia chumvi hata punje. Halihitaji.

Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite tu, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko kwingine kabisa.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mwanamke Mnubi wa Kampala. Kwa msiotujua, sisi ni vizazi vya askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudani zamani hizo, wakaoa hapa, wakazaa, wakabaki. Nina duka la ndoo, mabeseni na madumu pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla. Kiswahili changu kimenyooka kwa sababu nililelewa Mombasa kwa mama mdogo mpaka nikamaliza shule.

Kampala ukiongea Kiswahili kama hiki sokoni, watu wanakugeukia. Nitawaeleza kwa nini mbele huko, maana kisa chote kimekaa hapo.

Baba yangu tumwite Mzee Khamis. Amepita miaka sabini na tano. Ujanani alikuwa dereva wa jeshi, baadaye akaendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kampala mpaka macho yakamkataa. Maneno machache, msafi kupindukia, shati lazima lipigwe pasi hata kama anaenda dukani kununua kiberiti. Tangu mama afariki anaishi kwangu, chini kidogo ya kilima cha Naguru.

Akili yake? Wakuu, huyu mtu anasikiliza redio tatu kwa siku. Asubuhi Kiarabu, mchana Kiluganda, jioni Kiingereza. Kisha wakati wa chakula anatueleza ni mtangazaji gani kati yao kadanganya.

Basi siku moja akaenda soko la Kalerwe kutafuta samaki. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnajua au hamjui, Kalerwe ikinyesha ni tope na majani ya ndizi kila mahali. Akakanyaga jani, akaenda chini.

Watu wa soko wakamwinua kwa nia njema kabisa na kumpakia kwenye boda boda, akiwa katikati ya watu wawili, mguu unaning'inia. Nawashukuru, lakini nikikumbuka safari ile ya boda na mfupa uliovunjika, meno yanauma.

Hospitali wakapiga X-ray. Nyonga imevunjika. Daktari wa mifupa, kijana mpole, akanionyesha picha na kuniambia msiwe na hofu, tutamfanyia operesheni, tutaweka chuma, na siku chache baadaye atasimamishwa ajifunze kutembea upya.

Nikapumua.

Sasa pale wana utaratibu wao. Mzee yeyote kabla ya operesheni lazima aonwe na social worker, yaani ofisa wa ustawi wa jamii. Anaulizwa anaishi na nani, nani atamuuguza nyumbani, na anapimwa akili kwa maswali ili wajue kama anaelewa anachokubali. Utaratibu mzuri, siupingi. Mpaka leo siupingi.

Social worker mwenyewe alikuwa binti mdogo, tumwite Prossy. Alikuja asubuhi. Mimi nilikuwa nimekimbia Kikuubo kufungua duka, na kaka yangu Abdu, aliyekuwa na zamu ya kumuuguza, alikuwa ametoka kwenda kuosha vyombo vya uji. Kwa hiyo Prossy alimkuta baba peke yake.

Nimerudi mchana, daktari mkubwa wa wodi anapita na kundi lake. Huyu siye yule wa mifupa, huyu ndiye mwenye wodi. Akasimama miguuni mwa kitanda, akafungua faili, akasoma kidogo, akatuambia mimi na Abdu:

"Mzee wenu amechanganyikiwa. Ana dementia, ule ugonjwa wa kusahau wa wazee. Tukimfanyia operesheni hataweza kufuata mazoezi, ataharibu kila kitu. Mrudisheni nyumbani, tutawapa dawa za maumivu, mmtunze vizuri."

Baba alikuwa amelala hapo hapo, macho wazi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemtazama. Walizungumza juu yake utafikiri ni kabati tunalojadiliana litapita mlangoni au halipiti.

Kwa wasiojua, nieleze maana ya kurudishwa nyumbani. Mzee mwenye nyonga iliyovunjika asipofanyiwa operesheni, mara nyingi hasimami tena. Analala chali. Mgongo unatoka vidonda, kifua kinajaa, na baada ya muda mnaitana kwa mazishi na kusema ni uzee. Watu wangapi tumewazika hivyo, tukasema ni uzee?

Ndiyo hukumu aliyopewa baba yangu, akiwa anasikia.

Sasa ngojeni niwaambie aibu yetu wenyewe, maana nimeahidi kusema kweli.

Abdu akatikisa kichwa, akasema, "Ni kweli daktari, hata mimi nimeona siku hizi anasahau. Juzi alisahau jina la mwanangu."

Wakuu, Abdu ana watoto saba. Yeye mwenyewe akitaka kumwita mmoja huanza na majina matatu ya wengine kwanza.

Na mimi? Mimi ndiye mbaya zaidi. Nilimwinamia baba na kumpigia kelele sikioni kama naongea na mtoto: "Baba! Unanijua mimi ni nani?"

Akanitazama kwa muda. Kisha akageuza uso upande wa ukuta.

Hakusema neno siku ile. Hakusema siku ya pili. Ukimpa uji anakunywa, ukimgeuza anageuka, lakini mdomo kimya. Na mimi, binti yake niliyekaa naye nyumba moja miaka yote hii, nikauchukua ukimya ule kuwa ni ushahidi. Nikaanza hata kufikiria nyumbani kitanda chake nitakiweka chumba gani.

Siku ya tatu nikapewa faili niipeleke ofisi nyingine ikagongwe muhuri wa kuruhusiwa. Hospitali zetu ndivyo zilivyo, ndugu wa mgonjwa ndiye tarishi. Unapanda ngazi na faili kwapani, unashuka nayo, hakuna anayekwambia uisome na hakuna anayekwambia usiisome.

Foleni ilikuwa ndefu. Nikakaa kwenye benchi, nikaifungua.

Ile fomu ya Prossy ilikuwa juu kabisa, kwa Kiingereza. Nawatafsiria.

Tarehe ya leo? Prossy kaandika: anasema ni tarehe kumi na nane Rajabu. Kosa.

Nikatoa simu, nikaangalia kalenda ya Kiislamu. Siku aliyoulizwa ilikuwa kumi na nane Rajabu. Baba anahesabu miezi kwa mwandamo, kila mwaka ikifika Rajabu anaanza kuhesabu siku za kuingia Ramadhani. Hiyo alijibu sawasawa, labda kuliko watu wote wa wodi ile.

Rais wa nchi ni nani? Amekataa kujibu. Anasema yeye hayuko kwenye mambo hayo. Kosa.

Mwenyekiti wa kijiji chako ni nani? Amekataa kujibu. Anauliza nimetumwa na nani. Kosa. Pembeni kaongeza: ana shuku bila sababu.

Maneno matatu ya kukumbuka? Kakumbuka mawili. Sawa, hilo la tatu limempotea, siwezi kumtetea.

Halafu swali la mwisho. Je, amekula asubuhi? Prossy kaandika: anasema ni siri. Na chini yake kapiga mstari kwa wino mwekundu: haelewi maswali mepesi, inawezekana anaficha chakula.

Anaficha chakula!

Baba yangu ambaye akipewa kipande cha nyama anakigawa kwa wajukuu kabla hajaonja.

Nilisoma mstari ule mara nne. Uji ule wa asubuhi nilimpa mimi mwenyewe kabla sijaenda dukani, akamaliza bakuli. Kwa nini aseme ni siri? Niliacha foleni, nikarudi wodini na faili yao, nikakaa kitandani kwake. Safari hii sikupiga kelele.

"Baba, yule binti wa maswali, ulimwambia chakula ni siri?"

Akageuka. Siku tatu sijaona uso ule ukigeuka.

"Chakula? Nani aliniuliza chakula? Yule mutoto aliniuliza kura."

"Kura?"

"Eeh. Alianza na rais. Akaenda kwa chairman. Halafu anasema, 'Mzee, umekura?' Mimi nasema kura iko siri. Nimekosea wapi?"

Wakuu, nilicheka. Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka bila kujua anachochekea. Halafu kicheko kikakatika na nikahisi hasira inapanda kutoka miguuni.

Sasa niwaeleze wa mbali. Waganda wengi l na r kwao zinabadilishana nafasi. Kula inakuwa kura, na wala si kosa, ndivyo ulimi ulivyo. Baba kaishi nao maisha yake yote, anajua. Siku nyingine yoyote angecheka na kujibu, "Nimekura sana."

Lakini kilikuwa kipindi cha kampeni. Mabango kila nguzo, magari ya vipaza sauti tangu asubuhi. Na hapa ndipo Kiswahili kinapoingia.

Nyinyi wa Dar Kiswahili kwenu ni cha mama na cha shule. Kampala si hivyo. Nyanya hununuliwa kwa Kiluganda, ofisini ni Kiingereza. Kiswahili, kwa watu wa umri wa baba, ni lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani. Wasiokuwa Wanubi wengi wa rika lake walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Na baba aliwahi kuwaendesha hao wenye bunduki kwenye gari, anawajua kwa karibu.

Kwa hiyo fikirini. Umelala huwezi hata kujigeuza. Anakuja mtu usiyemjua, kitambulisho shingoni, kalamu mkononi. Anakiacha Kiluganda, anakujia kwa Kiswahili. Anakuuliza leo tarehe ngapi, rais ni nani, mwenyekiti wako ni nani, na umekura? Na anaandika kila unachosema!

Baba anawakumbuka watu waliowahi kujibu maswali kama hayo vizuri sana, hawakurudi nyumbani. Hapo akili yake ilikuwa inafanya kazi kuliko ya sisi wote.

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukutuambia siku zote hizi?"

Akasema polepole, "Daktari alisema mbele yangu sina akili. Kijana yangu akasema ndiyo. Wewe ukaniuliza kama nakujua. Sasa mimi nitaongea na nani?"

Nikamnyooshea shuka, nikainuka na ile faili.

Nikamtafuta Prossy. Nilikuwa nawaka, nakiri. Nilimkuta kwenye chumba chao kidogo, nikamwekea fomu mezani, nikamuuliza baba yangu alimuuliza nini.

"Nirimuuriza kura, nyabo," akasema, ameshtuka. "Kura! Kura emmere!" Na mkono akaupeleka mdomoni kuonyesha mtu anayekula.

Nyabo ni bibi na emmere ni chakula, kwa Kiluganda. Akarudia tena, "Umekura..." na safari hii alijisikia mwenyewe. Mkono ukabaki hapo hapo mdomoni. Akakaa chini.

Nikamuuliza kwa nini hakutumia Kiluganda. Baba anaongea Kiluganda cha ndani kuliko yeye. Akaniambia aliona jina la Kiislamu, akaambiwa ni Mnubi aliyekuwa jeshini, akaona amheshimu kwa kumjia na Kiswahili. Alikuwa ameomba wenzake wamsaidie maneno na kuyaandika nyuma ya fomu ili asikosee. Akanigeuzia karatasi, kweli yalikuwepo, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi.

Hapo hasira yangu kwake ikaisha. Binti alikosea kwa adabu.

Na sikilizeni alichofanya. Alikuja mpaka kitandani, akapiga magoti sakafuni kama wanavyomwamkia mkubwa, akamwita Jjajja, yaani babu, akamwomba radhi kwa Kiluganda, akarudia maswali yote. Baba alijibu. Rais alimtaja. Mwenyekiti wa kijiji alimtaja na kuongeza kwamba haitishi mikutano. Tarehe aliitoa kwa kalenda zote mbili. Maneno matatu akakumbuka tena mawili, na ukweli ni kwamba hata mimi niliyekuwa nimesimama pale lile la tatu lilikuwa limeshanitoka.

Mngedhani mambo yameisha.

Tulipompelekea daktari mkubwa karatasi mpya, hakuipokea. Akasema tathmini ilishafanyika, haiwezi kurudiwa kila ndugu wakikasirika. Prossy akamwambia kwa mdomo wake, daktari, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Unajua alimjibu nini? "Unatuaibisha mbele ya wagonjwa."

Someni tena hapo. Kumwandika mtu mzima hana akili na kumpeleka nyumbani akafe kitandani haikuwa aibu. Aibu ilikuwa kusema tumekosea.

Nikamwambia kitanda hatutoki. Akasema ataita walinzi. Nikasema waite, na wakija nitawauliza wamekura.

Hakuelewa, lakini wauguzi wawili nyuma yake, ambao kisa kilishawafikia, wakaziba midomo wasicheke.

Abdu nilipomsimulia alikwenda kwa baba, wakaongea wawili tu. Sijui alimwambia nini. Kesho yake alivaa kanzu yake ya Idi, akaja kukaa kwenye kiti mlangoni kwa yule daktari tangu asubuhi. Hakupiga kelele. Kila daktari akitoka anamwamkia, akiingia anamwamkia. Alikaa hivyo siku mbili. Nadhani ilikuwa njia yake ya kufuta ile ndiyo aliyoitoa.

Aliyetuokoa ni yule kijana wa mifupa. Alikuwa kazini kwingine siku zote hizo, aliporudi akashangaa kumkuta baba bado amelala. Prossy akampa karatasi mpya. Akasoma, akavuta kiti, akakaa akawa usawa wa uso wa baba, akamuuliza, "Mzee, unataka operesheni?"

Baba akasema, "Nataka kusimama."

Basi. Swali moja alilopaswa kuulizwa tangu mwanzo, lilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Operesheni ilifanyika siku ya kumi tangu aanguke. Alhamdulillahi aliamka salama. Lakini siku zile zilizopotea zilikuwa na gharama yake. Alishatoka kidonda mgongoni, na mguu umepona ukiwa mfupi kidogo. Daktari wa mifupa alituambia wazi kwamba angewahiwa, hali ingekuwa nzuri zaidi. Leo anatembea na kile chuma cha miguu minne mpaka getini na kurudi. Kalerwe anaisikia kwa watu tu.

Sasa kinachonichoma mpaka nimeamua kuandika ni hiki.

Juzi tulikwenda kliniki. Muuguzi mgeni akachukua faili, akatazama jalada, kisha akanigeukia mimi, siyo baba, akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Bado anakutambua?"

Nikachungulia jalada. Kumbe neno DEMENTIA liko pale juu kwa kalamu nene tangu siku ile. Karatasi ya pili ya Prossy ipo, lakini iko ndani, katikati ya makaratasi ya damu na mkojo, na hakuna anayefika huko.

Nikaomba neno lifutwe. Wakanituma dirisha la kumbukumbu. Kule wakanirudisha wodini. Wodini wakasema faili haifutwi, huwa inaongezwa tu.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti, shati limepigwa pasi, anatusikia. Safari hii hakugeukia ukuta. Alimwambia yule muuguzi kwa Kiluganda, "Binti yangu namtambua. Ni ninyi ambao bado hamjanitambua."

Muuguzi akaangalia chini. Neno bado lipo.

Na hilo ndilo linalonitisha wakuu. Siku akiugua kifua au homa na mimi siko naye, watasoma jalada kwanza. Akisema anaumwa hapa, watasema mzee anaropoka. Akikataa dawa kwa sababu anajua inamdhuru, watasema ndiyo ugonjwa wenyewe huo.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi akilazwa, usikubali aulizwe maswali peke yake na mtu asiyejua lugha yake, na wala usiridhike eti wote wawili wanaongea Kiswahili. Uliza aliulizwa nini, kwa maneno yapi. Na wewe mwenyewe usiwe wa kwanza kutikisa kichwa mbele ya daktari. Mimi na Abdu tulimhukumu baba kabla wino haujakauka, na yeye alitusikia.

Wenye uzoefu na faili za hospitali, hasa mlio Uganda, nielekezeni: neno kama hili linaondolewaje? Kuna ofisi, kuna barua, kuna mtu wa kumwona? Wauguzi na ma-social worker mliomo humu, msinikasirikie, njooni mseme na upande wenu, nitasoma kila kitu.

Na wengine wote nawauliza jambo moja tu, jibuni hapo chini bila kuoneana haya: mmezibeba faili za wazazi wenu mara ngapi, na ni lini mlifungua mkasoma walichoandikwa?